Akiba ya Kocha

Mwisho wa mwezi, lifti za jengo lile hugombewa kama viti vya mbele harusini. Benki iko ghorofa ya pili, bima ya tatu, na ya tano ni ofisi za mfuko wa akiba ya uzeeni, ambako kila anayepanda ana swali na hakuna mwenye subira. Asubuhi hiyo mlango wa lifti ulikuwa unajifunga pale mkono wenye saa kubwa ya plastiki ya njano ulipopenya katikati. Nyuma ya mkono akaingia mwanamke.

Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu anayejua kuyatumia. Alivaa suruali ya michezo ya buluu na fulana nyeupe iliyolowa mgongoni, filimbi ikining'inia kifuani, na nywele zake za kusuka zilikuwa bado zinachuruzika. Alinukia dawa ya bwawa la kuogelea. Watu wakajibana ukutani wasilowe. Aliyekosa pa kujibana ni mwanamume mmoja mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, tai ya kijani, kikombe cha chai mkononi. Mwanamke alipogeuza kichwa, matone mawili matatu yakatua ndani ya kikombe.

"Jamani, samahani kaka! Nimekuongezea maji."

"Usijali dada. Ilikuwa na sukari nyingi."

Mwanamke akacheka kwa sauti ya watu wa mahali pa wazi, lifti nzima ikageuka. "Unashuka wapi?"

"Ya tano."

"Kwa wazee? Mbona bado unang'aa?"

"Ndiko ninakofanya kazi."

"Kumbe! Basi ni wewe unayekaa na hela zangu," akasema, na akamtazama upya kuanzia tai hadi viatu, kama mtu aliyesikia habari za jirani kwa muda mrefu na leo ndiyo anamwona.

Mwanamume huyo, wenzake ofisini walimwita Babu, ingawa hajafika arobaini. Jina alilipata wiki yake ya kwanza kazini, alipomwuliza msimamizi wake kama anajua atakachokuwa anafanya asubuhi moja ya kawaida akiwa na miaka sabini. Msimamizi hakujua. Babu alijua, na akaeleza mpaka chai ikapoa. Tangu hapo jina likamganda. Naye mwanamke yule alikuwa mwalimu wa kuogelea, na wanafunzi wake, wengi wao watu wazima waliokuwa wanaogopa maji, walimwita Kocha.

Kocha alipofika dirishani, namba yake ilimwangukia Babu.

"Nataka kutoa," akasema, akakaa. "Zote."

"Umefikisha miaka hamsini na mitano?"

"Nikuulize wewe uliyenitazama lifti nzima."

Babu akakohoa kidogo. Ikabainika kwamba Kocha alifanya kazi miaka kadhaa kwenye hoteli kubwa, mwajiri akamkata kila mwezi na kuongezea fungu lake, kisha akaacha kazi na kusahau. Sasa alikuwa amekumbuka.

"Nikuulize kitu," Kocha akasema, akiegemeza viwiko mezani. "Miaka yote hiyo hela zangu zilikuwa zinafanya nini? Zimelala?"

"Hazilali. Tumeziwekeza. Sehemu tumeikopesha serikali kwa hatifungani, inatulipa riba. Sehemu ni hisa za makampuni. Nyingine tumenunulia majengo."

"Majengo? Kama lipi?"

"Kama hili."

Kocha akatazama dari, akatazama vigae. "Yaani hapa nina tofali langu?"

"Nusu tofali."

"Na ile lifti mbovu?"

"Hiyo pia ina mkono wako."

Akacheka tena. Watu wa foleni wakaanza kunung'unika, lakini maswali yalikuwa ndiyo kwanza yameanza. Kwa nini asitoe zote? Babu akamweleza kwamba fedha hizo ziliingia kabla hazijakatwa kodi, na zinakua bila kukatwa kodi, kwa sababu serikali inataka watu wajiwekee ya uzeeni. Akisubiri, atakatwa kidogo sana. Akitoa mapema, serikali inachukua kodi yake yote na faini juu. Asiyetozwa ni mgonjwa anayetoa kwa ajili ya matibabu. Na mtu akitoa kisha akajuta, anayo miezi miwili ya kuzirudisha, na kodi na faini anarudishiwa.

"Serikali inanilipa nizeeke," Kocha akasema polepole. "Na nisipozeeka?"

"Wanalipwa uliowaandika."

Kwa nukta moja uso wake ulitulia mno. Kisha akasimama. "Sawa. Leo sitoi. Nitafikiria. Wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Mtu mzima mwenye akili hivi! Jumamosi njoo bwawa la manispaa. Maswali yangu umeyajibu bure, na mimi nitakufundisha bure."

Jumamosi Babu alikwenda, na kaptula mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya bei. Kocha aliibandua mbele ya watu wote. Alimfundisha kupuliza mapovu kama mtoto, halafu kulala chali huku mkono wake mmoja ukiwa chini ya mgongo wake. "Legeza shingo. Babu, legeza! Unashikilia nini? Maji hayana pa kushika." Ilimchukua majuma matatu kulegea. Juma la nne, mkono ulipotolewa bila yeye kujua, alielea. Alipogundua alizama kwa furaha, akaibuka anakohoa, na Kocha akamfuta uso kwa kiganja, na kiganja kikachelewa kuondoka.

Hivyo ndivyo walivyopendana. Simu za jioni zikawa desturi.

"Upo wapi, laazizi?"

"Nimekaa kwenye ndoo ya klorini nakula karanga. Na wewe, Babu wangu?"

"Napiga pasi."

"Tena? Hilo shati limekukosea nini?"

Alikuwa na udadisi usiokwisha, huyu Kocha. Alitaka kujua kwa nini lami hutoa mvuke mvua ikinyesha, nani huchagua rangi za mabasi, paka huota nini. Alimwambia kwamba kuna bahari zinazoganda wakati wa baridi, watu wakatembea juu yake, na kwamba kabla ya kitu chochote kingine duniani anataka kwenda kusimama juu ya bahari kama hiyo, apige mguu chini asikie inajibuje. "Tutaenda," Babu akamwambia. Kocha akamwuliza lini. Babu akaanza kupanga, mwaka huu hivi, mwaka kesho vile, na akashangaa kuona mwenzake amegeukia dirishani.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo Babu aliliona akaliacha lipite. Siku moja, katikati ya somo, Kocha alishika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili na kufumba macho. Midomo yake ilikuwa imekosa rangi. "Sijanywa chai," akasema. Na baada ya muda kidogo akapuliza filimbi, somo likaendelea.

Mambo yaliharibika kwa neno tamu. Jioni moja Babu alikuwa kwenye simu, mkono mmoja kwenye pasi, na moyo ukamjaa akashindwa kujizuia.

"Mpenzi, nikwambie? Mimi nataka nizeeke na wewe. Nakuona kabisa: una mvi, umevaa miwani, unawapigia filimbi wajukuu."

Kimya.

"Haloo? Kipenzi?"

"Nakusikia."

"Nimesema vibaya?"

"Hapana. Nimechoka tu. Lala salama."

Kesho yake hakupokea simu. Keshokutwa akaandika ujumbe mfupi kwamba ana kazi nyingi. Na siku iliyofuata, kati ya maombi yaliyoletwa mezani kwa Babu ili ayaidhinishe, lilikuwamo la Kocha. Alikuwa amepitia dirisha jingine. Alitaka kutoa akiba yote, na alikuwa amekubali kukatwa kodi na faini.

Kanuni za kazi zilikuwa wazi. Ombi la ndugu, rafiki au mpenzi unampa mwenzako alishughulikie. Babu hakufanya hivyo. Alilichukua akaliweka kwenye droo, akasema moyoni atalitoa kesho, Kocha akishatulia. Kesho ikaja na nyingine ikaja. Aliona mwanamke anaondoka, anakwenda kwenye bahari yake ya barafu bila yeye, na akajidanganya kwamba kumchelewesha ni kumlinda.

Kocha alipopiga simu ofisini kuulizia, mama wa dirisha la tatu, ambaye hakujua lolote, alimjibu kwa uungwana wote: "Ombi lako liko kwa Babu, dada. Wiki nzima sasa."

Alipanda mwenyewe. Safari hii alikuwa mkavu, gauni la kahawia limemkaa vizuri, viatu virefu, midomo imepakwa rangi, na hilo peke yake lilimtisha Babu kuliko kelele. Walisimama kwenye korido, karibu na mashine ya maji.

"Umelikalia ombi langu?"

"Nilitaka tuzungumze kwanza. Unapoteza sehemu kubwa bure, mpenzi, kodi na..."

"Nimekuuliza, umelikalia?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mpenzi wangu au karani wangu?"

"Ninakupenda, ndiyo maana..."

"Usinipende kwa droo!" Sauti yake ilipasuka. "Niambie moja tu. Ukiwa karani, fanya kazi yako. Ukiwa mpenzi, niulize kwa nini nazitaka. Hukuniuliza, Babu. Wewe unayejua kila kitu mpaka sabini, hilo hukuniuliza."

"Basi nakuuliza. Kwa nini?"

"Umechelewa."

Viatu vyake vilisikika mpaka kwenye ngazi. Hata lifti hakuisubiri.

Mchana ule Babu alipeleka ombi kwa msimamizi na kueleza alichofanya. Alipewa onyo, akalipokea bila kujitetea. Fedha zililipwa, makato yakakatwa. Simu zake hazikupokelewa. Jumamosi alikwenda bwawani, akakuta mwalimu mwingine, kijana mwenye kifua kilichotangulia. "Kocha amechukua likizo," akaambiwa.

Wiki mbili zikapita. Wakati huo ofisi ilikuwa kwenye zoezi la kila mwaka ambalo wastaafu wanaolipwa pensheni huja wenyewe kuonekana, isije ikawa mfuko unalipa marehemu. Ukumbi ulijaa fimbo, kofia na vikohozi. Mzee mmoja mnene, aliyestaafu kuendesha winchi bandarini, alikaa mbele ya Babu akaweka kofia mezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuthibitisha kwamba niko hai."

"Nakuona, mzee. Uko hai."

"Andika hivyo hivyo, maana nyumbani hawaamini kama nakuja hapa kwa hilo tu." Kisha akainama mbele, akapunguza sauti. "Wewe ndiye Babu?"

Babu akaweka kalamu chini.

"Binti yangu alikuwa haishi kukutaja. Babu kasema hivi, Babu kaelea. Sasa ni kimya, na kimya si tabia ya mtoto yule. Umemfanya nini?"

"Nilimkosea, mzee. Nilizuia fedha zake. Nilidhani anataka kuniacha asafiri."

"Asafiri?" Mzee akamtazama kwa muda. "Hakukwambia habari za mama yake?"

"Alisema alifariki zamani."

"Alikuwa na miaka arobaini na moja. Anakaanga vitunguu, anaongea na mimi, akakaa chini. Basi. Na dada yake mkubwa, mwaka juzi, arobaini kamili. Yuko kwenye ngazi za kazini kwake, akakaa chini vile vile. Moyo. Hawakuwa wanaumwa chochote." Akaichukua kofia, akaizungusha mikononi. "Huyu ana thelathini na tisa. Amejiwekea kichwani kwamba hafiki. Mimi namwambia nenda ukapimwe, ananibadilishia mazungumzo. Mtoto anayeuliza mpaka mende analala saa ngapi! Hilo moja hataki kuliuliza."

Babu alisikia masikio yake yakiwaka. Akakumbuka wajukuu, miwani, mvi, na namna simu ilivyonyamaza.

"Yuko wapi, mzee?"

"Yuko nyumbani kwangu, anapaka rangi kuta ambazo hazikuhitaji rangi."

Alimkuta juu ya kiti, amejifunga kanga kichwani, gauni kuukuu lina madoa ya rangi ya maziwa, brashi mkononi. Hakushuka.

"Nani kakuleta?"

"Baba yako. Sikuja kwa habari za fedha. Nimekuja kuomba radhi. Ombi lilikuwa lako, na fedha zilikuwa zako, na sababu ilikuwa yako. Sikuwa na haki ya kulizuia hata saa moja."

Kocha akapaka mstari mmoja, akapaka mwingine juu yake. "Ameshakusimulia."

"Ndiyo."

"Basi sasa unajua. Ulipokuwa unanieleza habari za miwani na wajukuu, nilikuwa nasikia kama unamsifia mwanamke mwingine. Mzuri, mwenye mvi, ambaye mimi sitakutana naye. Nikasema hebu nichukue changu nikaione bahari kabla." Brashi ikasimama. "Halafu nimepata hela, na tiketi sijakata. Kila nikifika mlangoni kwa wakala naogopa nitakaa chini barafuni, peke yangu."

"Kwa nini hutaki kupimwa?"

"Kwa sababu sasa hivi naogopa tu. Nikipimwa nitajua."

"Lakini wewe ndiye mtu anayependa kujua kuliko wote niliokutana nao."

"Hilo hapana."

Babu hakubishana. Alivua koti, akakunja mikono ya shati lake la pasi, akachukua brashi nyingine. Walipaka ukuta mzima bila kusema sana. Mara moja tu Kocha alicheka, Babu alipojipaka sikio. Jioni ilipoingia, akaosha brashi kwenye ndoo, akasema bila kumtazama, "Kama mtu anataka kupimwa moyo, wanamfanya nini?"

"Sijui. Tukaulize."

"Kuuliza tu."

"Kuuliza tu, laazizi."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye viatu vya raba vya waridi, na alijibu kila swali. Hilo lilimshinda Kocha. Alikuwa ameingia kuuliza, akajikuta amelala na nyaya kifuani, akiuliza kila mstari kwenye karatasi unasema nini. Vipimo vilichukua siku kadhaa. Babu alikaa nje kwenye viti vya chuma, mzee kando yake, kofia magotini.

Majibu hayakuwa mepesi. Moyo wa Kocha ulikuwa na hitilafu ya mapigo, ya kurithi, ile ile ambayo bila shaka iliwachukua mama na dada. Wakati wowote ungeweza kukosea mdundo na kushindwa kuurudia. Hakuna dawa ya kuiondoa. Lakini kipo kifaa, kidogo kama kiberiti, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Kinausikiliza moyo, na ukikosea kinaushtua urudi kwenye mstari.

"Na mtu mwenye hicho anaweza kuogelea?" Kocha akauliza.

"Baada ya muda, na asiwe peke yake."

"Anaweza kuishi?"

"Ninao wagonjwa wenye vitukuu," daktari akasema.

Kocha alilia hapo hapo, kwa kelele, kama alivyokuwa anacheka. Alimlilia dada yake hasa, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwepo siku zote, kidogo kama kiberiti, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kabla ya upasuaji alimpigia Babu simu ofisini. "Mheshimiwa karani."

"Nakusikia, mpenzi."

"Ulisema mgonjwa hatozwi. Zile walizonikata zinarudi?"

"Zinarudi, ukileta cheti cha daktari. Lakini siruhusiwi kukuhudumia mimi. Nenda dirisha la tatu."

"Kwa nini wewe usiruhusiwe?"

"Kwa sababu nimemwandikia msimamizi kwamba nakupenda."

"Umeandika kwa maneno hayo hayo?"

"Niliandika 'uhusiano wa karibu'. Akanirudishia, akasema nifafanue."

Kifaa kikanunuliwa kwa akiba ile ile iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya uzee. Iliyobaki, mama wa dirisha la tatu aliipokea irudi kwenye akaunti kabla muda haujafungwa, na kodi na faini zikarudi. Kocha alikwenda mwenyewe, mkono umefungwa kwenye kitambaa shingoni, akauliza maswali mpaka foleni ikanung'unika.

Siku nyuzi zilipotolewa, alimpigia Babu kutoka nje ya hospitali. Jua lilikuwa kali, magari yanapiga honi, naye ilimbidi apaze sauti.

"Babu! Nimemwuliza daktari betri ya hiki kitu inakaa muda gani. Anasema miaka kama kumi, halafu wanabadilisha."

"Vizuri, mpenzi."

"Vizuri nini? Mimi siwezi kuja peke yangu. Nataka unisindikize."

"Baada ya miaka kumi?"

"Ndiyo. Siku hiyo umepanga kitu?"

Babu akavua miwani ya kazi, akaiweka mezani. Mama wa dirisha la tatu alikuwa ameacha kugonga mihuri, anasikiliza bila hata kuona haya.

"Sijapanga kitu," Babu akasema. "Ila hospitali huwa hawamruhusu kila mtu kuingia na mgonjwa. Wataniuliza wewe ni nani wake. Nitawajibu nini?"

"Waambie wewe ni mume wangu," Kocha akasema. "Na useme kwa sauti, kipenzi, maana pale mapokezi pana kelele."